Maharage ya Kabla ya Janti

Jumapili iliyopita nilifua bandeji zangu kwa mara ya mwisho. Nilizianika juu ya mawe meusi ya uani, nikazikunja moja moja zikiwa bado na joto la jua, nikazipeleka klabuni pamoja na makasi na beseni langu, kisha nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nimefunga mikono ya mabondia hapa Keshero, mjini Goma, tangu binti yangu wa kwanza akiwa mgongoni. Sasa binti huyo ana watoto wanaonicheka ninavyoshika simu.

Ninyi mnaobaki na ndoo na sponji mmeniomba niandike. Mnataka kujua ninawaambia nini mabondia zile dakika ishirini kabla ya pambano, wanapokaa mbele yangu wamenyoosha mikono huku macho yao yanatafuta mlango. Nitawajibu, lakini mniache nipite njia yangu. Vyeo sitavigusa: kulikuwa na cheo kimoja, nami ndiye niliyekuwa nacho. Habari za mshahara, aliyewahi kuusikia na aniletee.

Naitwa Masika. Kwetu Butembo ni jina la binti wa kwanza, kwa hiyo ukiita "Masika!" sokoni, nusu ya wauzaji wanageuka. Nilikuja Goma kuolewa. Asubuhi nilisafisha na kufunga vidonda katika zahanati moja ya Katindo, karibu na kambi ya wanajeshi, na mchana niliuza maharage. Siku moja alikuja pale Muzee Ndungo akiwa na bondia aliyevunjika kidole. Ndungo alikuwa kocha, mtu mfupi, pua imelala upande wa kushoto na goti moja lisilokunjika. Badala ya kumtazama mgonjwa wake, alinitazama mimi nikimfunga mwanajeshi kifundo cha mguu.

"Mama, unafunga muzuri," akasema. "Unafunga sawa mutu mwenye hana haraka. Dimanche ukuye kwangu. Batoto banajifunga benyewe, banavunjika bidole."

Nilikwenda Jumapili hiyo baada ya misa, mtoto mgongoni, nikidhani nitafunga kidole kimoja nirudi kupika. Nikawakuta mabondia sita wamekaa kwenye benchi. Wa kwanza, Kasereka, mtu mzito mwenye shingo ya ng'ombe, aliponiona nimeshika bandeji alificha mikono nyuma. Akasema mwanamke akigusa mikono ya bondia siku ya pambano ni mkosi. Ndungo hakupandisha sauti.

"Kasereka, ule alikukata kitovu alikuwa mwanaume?"

Wenzake walicheka mpaka benchi likaanguka. Kasereka akanipa mikono. Ilikuwa inatetemeka, mikono ile mikubwa, na mimi pia nilikuwa natetemeka, basi kati yetu wawili tulimaliza bandeji nzima kwenye mkono mmoja. Nilimfunga kwa nguvu mno, vidole vikawa vya buluu, akapigana raundi ya kwanza nzima bila kuvisikia. Akashinda. Akatangaza kwamba ni baraka ya mkono wangu. Nilinyamaza, nami nawausia: mtu akikusifu kwa kosa lako, nyamaza, ila usilirudie.

Tangu hapo wakaniita Mama Bande, kwa sababu ya hizo bandeji. Kwa midomo yetu "bande" inageuka "bandi" upesi sana, na jina hilo liliniponza. Kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi njiani Katindo, na siku moja Kasereka, kwa kunitetea nipite haraka, aliwapigia kelele: "Mumuache, ule ni Bandi yetu!" Nilikaa pale saa nzima nikieleza kwamba mimi si jambazi wa mtu yeyote. Walipofungua mfuko wangu na kukuta bandeji, makasi na kilo mbili za maharage, walizidi kutoelewa.

Kazi yenyewe ni hii. Anza na mkono wa kushoto. Zungusha bandeji kwenye kifundo cha mkono mara tatu, pita kwenye dole gumba, panda kwenye vifundo vya ngumi, pita kati ya kila kidole, rudi chini. Mwambie akunje ngumi, afungue. Bonyeza ukucha, uuachie, utazame rangi ikirudi. Isiporudi, fungua uanze upya, hata kama mtangazaji ameshaita jina lake. Nilimuuliza Ndungo kwa nini kushoto kwanza. Akasema mkono wa kulia ndio wenye kuogopa zaidi, maana unajua ndio utakaotumwa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania, ila sijawahi kuanza na wa kulia.

Jambo la pili alilonifundisha lina uzito zaidi. Mimi, kama kila mtu, nilikuwa nikiwaambia mabondia "usiogope." Alinisikia, akaniita pembeni.

"Usimuambie mutu asiogope. Ukimuambia vile, atakuwa na bintu mbili: bwoga na haya. Bwoga si mubaya. Upatie tu kazi."

Nilijiuliza kazi gani. Jibu lilikuja lenyewe. Siku moja nilipitia klabuni kutoka sokoni na beseni la maharage ambayo sijayachagua, na kwa kuwa benchi lilijaa nikampakatisha bondia mmoja anishikie. Alikuwa anatetemeka hata meno yanagongana. Niliporudi na maji nikamkuta ameinama, anatoa vijiwe na maharage mabovu, moja moja, kama mama anayesubiri sufuria ichemke. Vidole vilikuwa vimetulia. Basi ikawa desturi: kabla sijamfunga bondia, anachagua maharage. Atakayeuliza kwa nini, mwambie kwamba jioni klabu itakula, na klabu itayalaje yakiwa na mawe? Kiasi cha woga wa siku tulikijua mezani. Pambano likiwa kubwa, tulikula maharage safi kabisa. Likiwa dogo, tulivunja meno.

Maharage hayakumfaa kila mtu. Kulikuwa na sajini wa kambi ya Katindo, mtu aliyetoka mstari wa mbele na kovu shingoni, aliyetupa kilinda meno chini na kusema hapandi ulingoni. Nilimuuliza yeye wa vitani anaogopa nini.

"Mama, kule mbele hakuna batu banatuangaliaka," akasema. "Hapa ukumbi muzima inangoja kuona nitaanguka namna gani. Na bibi yangu iko mu ligne ya kwanza."

Nilitoka nikamhamisha mkewe kutoka safu ya mbele, nikamkalisha nyuma ya nguzo. Sajini alipigana vizuri sana. Mke alinilalamikia kwamba hakuona kitu, nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Mwingine alikuwa kijana wa Himbi, kwao kuna geti na mlinzi, aliyesoma kitabuni kwamba kupumua kwa nguvu kunaondoa hofu. Akapumua, akapumua, akaanguka kwenye benchi kabla ya kuvaa glavu. Ndiye bondia pekee niliyemwona akipigwa na pumzi yake mwenyewe. Kupumua ni kuzuri, lakini iwe kama unavyopuliza makaa: vuta kidogo, toa polepole, usimwage majivu.

Miaka hiyo mji ulikuwa unajaa wakimbizi, unapungua, unajaa tena. Majeshi yalibadilishana. Walioingia walisema wametuletea amani, waliotoka walisema watarudi nayo. Klabu ilifungwa mara nyingi, na kila ilipofunguliwa tulianza kwa kufagia. Kuna wakati ukumbi wa parokia tuliokuwa tukipigana ndani yake ulilaza familia za wakimbizi, basi tukafanya mazoezi nje juu ya mawe, na ninawahakikishia hakuna bondia aliyependa kuanguka msimu ule.

Katika kujaa huko ndimo alimofika Bahati. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mrefu, mpole, mikono mirefu hata anaweza kufunga viatu bila kuinama sana. Alitoka upande wa Rutshuru na mama yake, wakapata chumba kwa watu hapa Keshero. Ndungo alipomwona anapiga gunia la mazoezi alivua kofia. Mwaka mzima alimwandaa. Mazoezini saa yetu ilikuwa filimbi ya Ndungo: akipuliza, raundi imeanza, akipuliza tena, imekwisha. Siku za mapambano tu, kule ukumbini, ndipo tulipotumia janti. Ni rimu kuukuu ya lori, imetundikwa kwa waya, inagongwa kwa nati kubwa, na sauti yake inafika ziwani.

Pambano la kwanza la Bahati lilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa, na wengi waliojaa walikuwa wakimbizi wa kambi iliyo nje ya mji, waliokuja kumshangilia mwenzao. Alichagua maharage kama mtu mzima, nikamfunga, mikono imetulia. Nilijipongeza. Akapanda ulingoni, akainamisha kichwa kwa mwamuzi, janti ikalia. Bahati akatazama kulia, akatazama kushoto, akaruka kamba, akatoka mlangoni na glavu zake.

Ninyi mnaujua mji wetu. Hapa mtu akikimbia huulizi. Unakimbia naye kwanza, maswali mnaulizana njiani. Kambi nzima ilisimama kwa pamoja, na kambi iliposimama, Keshero nayo ikasimama. Madirisha yakawa milango. Mpinzani wa Bahati alikimbia pia, akaja kupatikana ufukweni akimwomba mama mmoja muuza samaki amfungulie glavu. Mwamuzi alikutwa chini ya ulingo. Na mimi, nisiseme uongo, nilikimbia. Niliacha makasi, niliacha bandeji, niliacha kandambili moja, lakini beseni la maharage nilikwenda nalo kichwani mpaka barabara kubwa. Aliyebaki ni Ndungo. Watu waliporudi wakamkuta amekaa kwenye kona yake, wakamsifu kwa ushujaa. Ni goti tu lililomweka pale, lakini sifa hakuzikataa.

Tulicheka wiki nzima. Bahati hakucheka. Wakubwa wa ndondi mjini walimwita, wakamwambia watampa nafasi moja tu, na akikimbia tena wanachukua kadi yake, asipande ulingo wowote. Watoto wa mtaani wakimwona walianza kuhesabu: "Moja, mbili, tatu, kimbia!" Wazee husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, lakini mwenye kuchekwa hafarijiki kwa methali. Alikuja kwangu kurudisha bandeji, amezifua na kuzikunja vizuri kuliko mimi. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamgombeza. Nilimwambia ametuaibisha, nikamwambia nitamwongezea maharage.

"Sawa, Mama," akajibu.

"Juu ya nini ulikimbia?"

"Sijue. Nilijiona tu ku barabara." Kisha akasema, bila kunitazama: "Mama, toka kuzaliwa nilishakimbia vita mara tatu. Nilikuya ku boxe juu niikale fasi moja. Dakika tisa tu. Dakika tisa, nisikimbie."

Raundi tatu za dakika tatu tatu ni dakika tisa. Mkanda hakuutaka, wala jina. Aliomba dakika tisa za kukaa mahali pamoja. Nilisikia uchungu moyoni na aibu usoni, kwa sababu nilikuwa nimemgombeza kwa kitu nisichokijua.

Kesho yake nilimtembelea mama yake. Watu wote walimwita Mama Bahati: mwanamke mwembamba, mcheshi, anayesema huku mikono yake inafanya kitu kingine. Alinikaribisha kiti, yeye akakaa chini, na kando yake kulikuwa na furushi la kitenge limefungwa tayari. Ndani, alinionyesha baadaye, mlikuwa na sufuria, unga kidogo, blanketi, na karatasi za shule za Bahati. Tukaongea habari za bei na za watoto. Alikuwa katikati ya kisa cha jirani aliyefuga bata chumbani, anacheka, mara shule ya jirani ikagonga janti yao. Mama Bahati akasimama na furushi mkononi. Kisa kilikatika katikati ya neno. Alisimama hivyo kidogo, akatazama mlango, akanitazama, akakaa tena polepole.

"Unisamehe, Mama Masika," akasema. "Ni ya masomo, batoto banaenda kucheza. Akili inajua. Mukono njo haijue."

"Kwenu janti ilikuwa ya nini?"

"Ya masomo. Lakini ikilia saa yenye haiko ya masomo, basi ni vita inakuya. Unabeba mutoto, unabeba kiko karibu, unakimbia. Mara ya mwisho nilibeba sufuria, mufuniko ikabaki." Akacheka. "Mupaka leo ninapikia mufuniko ya mutu."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilijua methali hiyo tangu utoto na haikunisaidia kitu mpaka siku ile. Nilikwenda moja kwa moja kwa Ndungo. Yeye alitaka tuitupe hiyo janti, tutumie filimbi. Nikamwambia filimbi itamfaa Keshero, lakini siku akienda kupigana Bukavu watamgongea chuma, na siku hiyo hatakuwa na goti kama lako la kumshika asikimbie. Tulibishana mpaka akachoka. Mwishowe akauliza mimi ningefanya nini.

"Tumupatie janti," nikasema. "Agonge yeye mwenyewe."

Tukaishusha kutoka ukumbini, tukaitundika uani kwenye mazoezi. Bahati akawa mtunza saa wa klabu. Kila raundi ya kila bondia, yeye ndiye aliyegonga. Siku ya kwanza aligonga amefumba macho, miguu inataka kukimbia, na baada ya kila mlio alizunguka uwanja mara mbili ndipo arudi. Tulimwacha azunguke. Wiki iliyofuata alizunguka mara moja. Halafu akawa anahama mguu tu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekuwa mtunza saa mwenye kiburi, anamfokea Kasereka kwa kuongeza ngumi baada ya mlio, na Kasereka, mzee wa klabu, anaomba radhi. Ndungo alinitazama, akasema maneno ambayo kwake yalikuwa ndiyo hotuba: "Bandi, umefunga muzuri."

Pambano la pili likawekwa, Jumapili alasiri, ukumbi uleule, na janti ikarudishwa kwenye waya wake. Wengi walikuja kuona akikimbia, nami ninakiri kwamba kuna waliovaa viatu vya kufunga kamba kwa kujihadhari. Chumba cha kubadilishia kilikuwa stoo ya viti vya parokia. Bahati akakaa mbele yangu na beseni kwenye magoti. Alichagua robo ya maharage, akaacha, akanitazama.

"Mama, siku ile na weye ulikimbia?"

"Nilikimbia."

"Batu banasema ulikimbia na maharagi ku kichwa."

"Ungetaka niyaache? Yalikuwa yameshachaguliwa."

Alicheka. Kwanza puani, halafu tumbo lote likacheka, beseni likaruka na maharage yakamwagika sakafuni, tukapiga magoti sote wawili kuyaokota, tunacheka kama wendawazimu. Nikaona mikono yake chini pale katikati ya maharage, imelegea, ina joto. Nikaanza na wa kushoto. Sikumwambia neno lingine lolote, na hakuhitaji.

Tulipotoka nikamwona Mama Bahati kwenye safu ya mbele. Nilikuwa nimemwalika mwenyewe, nikijua mtoto atafurahi. Alivaa kitenge chake kizuri. Furushi lilikuwa mapajani. Mwezi mzima nilikuwa nimemwandaa bondia na janti, na kichwa changu hiki hakikuwahi kukumbuka kwamba mama naye ana masikio.

Nilikuwa nimechelewa. Janti ikalia.

Bahati alikwenda katikati ya ulingo. Miguu yake ilikuwa imara. Lakini nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa, nikageuka: Mama Bahati amesimama, furushi limeshikwa, uso umeelekea mlango. Mwanamke wa pembeni yake akasimama. Wawili wa nyuma wakasimama. Ukumbi wote ulivuta pumzi, na ninyi mnajua kinachofuata hapo. Ndungo alikuwa ameshashika kamba. Mimi nilikuwa nimeshashika beseni.

Bahati naye aliona. Akiwa katikati ya ulingo, mpinzani mbele yake na ngumi zimeinuliwa, aligeuza kichwa chote upande wa safu ya mbele.

"Mama, ikala!"

Ngumi ikampata puani hata kabla hajafunga mdomo. Damu ikatoka. Hakurudi nyuma. Alikuwa bado anamtazama mama yake.

Mama Bahati alimtazama mwanawe, akatazama mlango, akamtazama tena. Kisha akaliweka furushi kwenye kiti, akakaa juu yake. Mwanamke wa pembeni akakaa. Wale wawili wakakaa. Ukumbi wote ukakaa kama misa inavyokaa baada ya injili, na hapo ndipo Bahati aliposhughulikia mambo ya ngumi.

Alishindwa. Niseme ukweli, maana wengi siku hizi wanasimulia vingine. Waamuzi wawili walimpa mpinzani, mmoja akampa yeye, na ile ngumi ya kwanza ndiyo iliyoamua. Lakini janti ya mwisho ilipolia alikuwa kwenye ulingo. Alikuja kwenye kona, pua imevimba, nikamfungua mkono wa kushoto kwanza.

"Ni tisa?" akauliza.

"Ni tisa."

"Saa ilienda sawa? Njo nani aligonga leo?"

"Kasereka."

"Ule anaongezaka kidogo," akasema, na akatabasamu kwa meno yenye damu. Nililia pale mbele ya watu wote, na Ndungo akaniambia nimwagie mgonjwa maji, si machozi.

Mama yake alikuja na furushi lake, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayenunua nyanya. "Utanipigia kelele mbele ya batu?" akasema. "Mi mama yako?" Kisha akampangusa pua kwa ncha ya kitenge kile kizuri. Jioni tulikula wote maharage, yaliyochaguliwa robo tu, na Mama Bahati alivunjika jino akicheka.

Bahati alibaki na kadi yake. Alipigana miaka mingi, alivuka ziwa kwenda Bukavu na kwingine, na alishinda zaidi ya alivyoshindwa. Hayo mengine yupo mwenyewe awaeleze, maana ndiye kocha wenu sasa. Ndungo tulimzika msimu wa mvua, na tulipomweka kaburini Kasereka aligonga janti, akazidisha kama kawaida yake.

Basi mkiniuliza tena ninawaambia nini, jibu ni kwamba siwaambii sana. Nawapa maharage, naanza na mkono wa kushoto, natafuta kitu cha kuwachekesha, na ikihitajika wanicheke mimi. Kisha naangalia ukumbini ni nani mwingine mwenye kuogopa, kwa sababu bondia hapandi peke yake. Hilo la mwisho Ndungo hakunifundisha. Nililipata kwa pua ya Bahati.

Jumapili ile niliyoleta bandeji mlinifanyia sherehe kule ukumbini. Mlisema hotuba ndefu kuliko raundi, mkanivisha kitenge, mkapiga picha. Mama Bahati alikuwepo, safu ya mbele, mzee sasa, nywele zote nyeupe. Furushi bado analo, na hakuna wa kumcheka, kwa maana vita havijatuaga. Hotuba ya tatu ilipoanza alilala. Aliweka furushi kati ya bega lake na ukuta, akaegemeza kichwa, akalala.

Mwisho wa hotuba Bahati akainuka, akasema mnamgongea Mama Bandi janti yake ya mwisho. Akachukua nati mwenyewe. Mara tatu, kwa nguvu zote, mpaka kuta zikajibu. Ninyi mlikuwa mnapiga makofi na hamkuona. Mimi nilikuwa namtazama Mama Bahati. Alisogeza shavu kidogo kwenye furushi, akakoroma. Bahati alikuja ili amwamshe apate kula, nikamshika mkono, ule wa kushoto.

"Muache," nikamwambia. "Iko analala."